Bega Limegoma Tangu Nichanjwe: Nidai Fidia au Ninyamaze?

*BARUA*

Dada Mshauri, salamu.

Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Marekani mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani: kuwanyanyua kitandani, kuwaogesha, kuwavisha. Mwaka juzi mwezi wa Oktoba niliingia duka la dawa nililolizoea, nikachanjwa chanjo mbili siku moja, ya mafua na ya korona, moja kila mkono. Nilikuwa nimevaa sweta la mikono mirefu, nikavuta shingo yake mpaka bega likatoka. Mimi nimekaa, kijana mfamasia amesimama. Sindano ya kushoto, ambayo nadhani ndiyo ilikuwa ya mafua, niliisikia imeingia juu kabisa, karibu na mfupa.

Usiku huo sikulala. Asubuhi nilimtumia dada yangu ujumbe wa sauti nikimwambia nimeshindwa kufunga sidiria, mkono haurudi nyuma. Akacheka, akasema chanjo ndivyo zilivyo, ngoja siku tatu. Nikangoja siku tatu, zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Kwa daktari nilifika baada ya miezi minne, tena nilikwenda kwa ajili ya presha. Bega nililitaja tukiwa tunaagana. Akaandika "maumivu ya bega la kushoto, wiki kadhaa". Baadaye nikapigwa picha ya MRI, nikaambiwa kuna uvimbe kwenye kifuko cha bega. Nimechomwa steroidi mara moja na kufanya mazoezi ya viungo mara 14. Nimepata nafuu, tuseme nusu. Kazini nimeshuka kutoka siku tano hadi tatu kwa wiki, maana mtu mzima siwezi tena kumnyanyua peke yangu.

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyeniambia kuna fidia ya serikali. Kaka yangu anasema nifungue kesi dhidi ya duka, na nisithubutu kutaja kwamba bega hilohilo liliteguka miaka sita iliyopita nilipoteleza kwenye barafu, ingawa lilipona kabisa. Mume wangu hataki hata kusikia. Kanisani sisi ndio tuliokuwa tukiwahimiza wazee wachanjwe, wengine tukiwapeleka kwa gari letu. Anasema jina langu likitoka, wale wapinga chanjo wa kundi la WhatsApp watatuimba mwaka mzima. Na yule mfamasia ni kijana mwema, ana mtoto mchanga, sitaki afukuzwe kazi kwa sababu yangu.

Tena najiuliza, mtu akipokea fidia si ndiyo amekiri kwamba chanjo ni mbaya? Jambo la mwisho, naliandika kwa aibu: siku mbili kati ya zile tano nilikuwa nalipwa pesa mkononi. Wakianza kuchimbachimba itakuwaje?

Mwenye Bega, Marekani

*JIBU*

Mpendwa Mwenye Bega,

Pole sana, dada yangu. Mwaka mmoja na miezi tisa wa kuvaa nguo kwa mkono mmoja si jambo dogo, hasa kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwavisha wengine.

Naona maswali mawili umeyafunga kwenye kanga moja. La kwanza ni kama sheria inakuruhusu kudai. La pili ni kama wewe, ndani ya ndoa yako na kanisa lako, unataka kudai. Kaka yako anakimbilia la kwanza, mumeo amekwama kwenye la pili, na nahisi wote wawili wanafikiria kesi ya kumburuta mtu mahakamani. Hii haiko hivyo.

Mpango unaohusika, ule wa taifa wa kuwafidia waliodhuriwa na chanjo, kwa kifupi VICP, ulitungiwa sheria mwaka 1986 na kuanza kazi tarehe 1 Oktoba 1988. Anayedaiwa ni Waziri wa Afya wa Marekani, akitetewa na mawakili wa Wizara ya Sheria, mbele ya hakimu maalumu wa Mahakama ya Madai ya Shirikisho. Pesa zinatoka kwenye mfuko unaojazwa na ushuru wa senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na kila dozi. Chanjo ya mafua inakinga ugonjwa mmoja, kwa hiyo ushuru wa sindano yako ya mafua, senti 75, umo humo. Nani aruhusiwe kudai hutegemea zaidi chanjo ilitolewa wapi. Uraia hauulizwi.

Yule kijana, basi, hashitakiwi. Sheria inamzuia hata kaka yako kulishitaki duka au mtengenezaji kwa zaidi ya dola 1,000 kabla ya kupitia mlango huu kwanza. Ukishapata hukumu una siku 90 za kuikubali au kuikataa, na ukiikataa ndipo njia ya mahakama za kawaida inafunguka. Duka litaombwa rekodi zako, na huenda kijana akajua. Ila huhitaji kuthibitisha kwamba alizembea.

Kuhusu bega kuna mambo ambayo huenda hukuelezwa vizuri. Sehemu ya juu ya bega, chini ya msuli na chini kidogo ya ncha ya mfupa, kuna kifuko chembamba cha majimaji kinacholainisha kiungo. Sindano inatakiwa kuingia kwenye nyama ya msuli, vidole viwili au vitatu chini ya ile ncha. Mtu akivuta shingo ya nguo badala ya kutoa mkono wote nje, kinachoonekana ni sehemu ya juu tu, na mchanjaji aliyesimama huku mchanjwa amekaa huelekea kuchoma juu. Dawa ikimwagika kwenye kifuko, mwili unapigana nayo palepale, na bega linavimba kwa ndani. Jeraha hili lina jina lake, SIRVA, na tangu 2017 limo kwenye Jedwali la Madhara ya Chanjo la mpango huo. Jeraha lililomo jedwalini, likitimiza masharti yake, huchukuliwa kwamba limesababishwa na chanjo, na serikali ndiyo inayobaki na kazi ya kuonyesha vinginevyo.

Masharti ya bega ni manne: maumivu yaanze ndani ya saa 48, maumivu na kukakamaa viwe kwenye bega lililochomwa tu, pasiwe na ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo, na pasiwe na historia ya tatizo la bega hilo ambayo ingeeleza dalili za sasa. Juu ya hayo, madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi sita. Hilo la mwisho umeshalivuka zamani.

Sasa nikuulize jambo ambalo umelipita haraka. Umeandika kwamba sindano ya kushoto "nadhani" ilikuwa ya mafua. Barua yako nzima imesimama juu ya neno hilo moja. Chanjo ya korona haimo kwenye mpango huu. Ina mpango wake mwingine, CICP, unaoamuliwa ndani ya Wizara ya Afya bila hakimu, haulipi maumivu, haulipi wakili, na muda wake wa kudai ni mwaka mmoja tu tangu siku ya kuchanjwa. Kama iliyoingia kushoto ni ya korona, mlango huo ulikwishafungwa miezi tisa iliyopita. Kama ni ya mafua, mlango wa VICP bado uko wazi. Kwa hiyo kabla hujagombana zaidi na mume wako, omba duka likupe rekodi kamili ya siku ile: fomu uliyotia saini, jina la kila chanjo, namba ya toleo, na mkono uliochomwa. Ile karatasi ndogo yenye tarehe haitoshi.

Na rekodi ikisema mkono wa kulia, usikate tamaa siku hiyohiyo. Mara nyingi kisanduku cha mkono hubonyezwa kwenye kompyuta kabla sindano haijatoka kwenye kasha, na mahakimu wa mpango huu wanalijua hilo. Wanalinganisha rekodi na mambo mengine: ulilalamikia mkono gani, kwa nani, lini.

Muda. Una miaka mitatu, na wengi wanaihesabu vibaya. Wengine huanzia siku ya MRI, wengine siku waliposikia kwamba fidia ipo. Sheria inahesabu kuanzia dalili ya kwanza, yaani usiku ule wa Oktoba. Umebakiza kama miezi 15. Inaonekana mingi, lakini wakili anahitaji rekodi zako zote tangu miaka mitatu kabla ya chanjo mpaka leo, na ofisi za madaktari huzitoa kwa mwendo wa kinyonga. Wakili akiletewa faili wiki tatu kabla ya mwisho anaweza kulikataa. Jedwali lenyewe pia si msahafu. Januari 2021 wizara ilichapisha kanuni ya kuliondoa bega humo, na Aprili mwaka huohuo ikaifuta kabla haijaanza kutumika. Kinachotazamwa ni jedwali lililopo siku unapofungua madai. Na ukisikia mtu anakwambia ameshatoa taarifa yako VAERS, ujue huo ni mfumo wa kukusanya taarifa za madhara tu. Kuripoti huko ni vizuri, ila si kudai, na saa haisimami.

Nahofia zaidi yale maneno ya daktari, "wiki kadhaa". Wanasheria wa serikali watayashika: ukienda Februari na maumivu ya wiki kadhaa, basi hayakuanza Oktoba. Rekodi iliyoandikwa wakati wa tukio ina uzito kuliko kumbukumbu ya baadaye. Lakini sheria yenyewe inamruhusu hakimu kukubali kwamba dalili zilianza ndani ya muda hata kama tarehe haikuandikwa au iliandikwa vibaya, mradi kuna ushahidi. Wako upo. Ujumbe wa sauti kwa dada yako una tarehe na saa, na una jambo dogo ambalo mtu hawezi kulibuni miezi kadhaa baadaye: sidiria. Dada yako anaweza kuandika kiapo cha alichosikia, na mwenzako wa kazini kiapo cha alichokiona ulipoanza kuomba msaada wa kunyanyua. Utaulizwa pia kwa nini ulingoja miezi minne. Ulivyoniandikia mimi, kwamba uliambiwa itapoa na ukaamini, ni jibu la kawaida sana katika madai haya. Usiongeze chumvi.

Una haki ya kumwomba daktari arekebishe maelezo, naye ana haki ya kukataa. Ila marekebisho yanayofanywa leo, baada ya kusikia habari za fidia, yanaweza kuonekana kama umepaka rangi ukuta uliopasuka. Zungumza na wakili kwanza, na karatasi ya zamani ibaki ilivyo.

Kuhusu barafu ya miaka sita iliyopita, hapa napingana na kaka yako waziwazi. Maelezo yako yatakuwa ya kiapo, na neno "lilitibiwa zamani" hujificha kwenye faili za madaktari mahali usipopategemea. Soma tena lile sharti: historia *ambayo ingeeleza* dalili za sasa. Bega lililoteguka, likapona, likabeba wazee miaka kadhaa bila kulalamika, ni jambo la kueleza. Likifichwa, linageuka uongo uliokutwa. Hata kama hakimu angeona sharti hilo halikutimia, kuna njia ndefu zaidi nje ya jedwali, ambayo msingi wake ni hukumu ya Althen ya mwaka 2005: unaonyesha kwa ushahidi wa kitabibu jinsi chanjo inavyoweza kuleta jeraha, jinsi ilivyoleta lako, na kwamba muda unaafikiana. Hapo atahitajika daktari bingwa wa kutoa maoni.

Pesa. Fidia ya maumivu ina kikomo cha dola 250,000, kiasi kilekile kilichowekwa 1986 bila kuongezwa hata senti kwa kupanda kwa bei. Bega lisilofika upasuaji hulipwa chini sana ya hapo. Matibabu yaliyolipwa na bima hulipwi tena wewe. Unachodai ni kilichotoka mfukoni mwako. Kama umetibiwa kwa Medicaid, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mwambie wakili mapema, kwa sababu Medicaid itadai chake, na pesa nyingi zikiingia kwa mkupuo zinaweza kukugharimu sifa ya kuendelea kupata msaada huo.

Mshahara uliopotea nao hulipwa, lakini kwa ushahidi: hati za malipo na fomu za kodi. Zile siku mbili za mkononi hazina karatasi, na kuzidai ni kujiwekea mtego mwenyewe. Jambo ambalo huenda hulijui ni kwamba hulazimiki kudai mshahara kabisa. Wapo wanaodai maumivu na gharama tu. Mweleze wakili ukweli wote, yeye anabanwa na siri ya mteja, mwamue pamoja. Na suala la kodi lenyewe litafutie mtu wa kodi, ukidai fidia au usipodai.

Mawakili wenyewe hawachukui asilimia ya fidia yako. Mfuko unawalipa hata ukishindwa, mradi madai yalikuwa ya nia njema na yenye msingi, na hawaruhusiwi kukutoza kitu juu ya hapo. Anayetaka thuluthi ya fidia yako, inuka uondoke. Mahakama ina orodha ya mawakili wa chanjo, nao wanaweza kuishi jimbo lolote. Ada ya kufungulia ni dola 405. Jiandae kungoja: miaka miwili, mitatu, mara nyingi kwa makaratasi tu, bila kusimama mbele ya mtu.

Sasa turudi kwa mumeo, kwa sababu hofu yake ina msingi zaidi kuliko ulivyoiandika. Nyaraka za madai na rekodi zako za matibabu haziwekwi hadharani, ila jina la mdai hutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali madai yanapofunguliwa. Uamuzi nao huwekwa kwenye tovuti ya mahakama, kwa kawaida na jina la mdai. Una siku 14 baada ya uamuzi kuomba habari za siri za kitabibu zifutwe, lakini mtu mzima kuondolewa jina lake ni kazi ngumu, haina uhakika. Kwa hiyo ndiyo, mtu wa kundi la WhatsApp akitafuta, anaweza kukuona. Siwezi kukupunguzia hilo.

Ninachoweza kukuuliza ni kama ukimya unawalinda kweli. Wazee mliowapeleka kwa gari wanakuona ukishika kikombe kwa mkono wa kulia tu. Wewe mwenyewe umeogopa kwamba kupokea fidia ni kukiri chanjo ni mbaya. Kwa takwimu za wizara, kama asilimia 60 ya fidia zinazolipwa ni za makubaliano, bila serikali kuamua kwamba chanjo ndiyo iliyodhuru, na kwa kila dozi milioni moja zinazosambazwa ni kama mtu mmoja anayelipwa. Na bega lako, kama hadithi ni ulivyoisimulia, linahusu mahali sindano ilipoingia kuliko kilichokuwa ndani yake. Unaweza kusema hayo mawili kwa pumzi moja: chanjweni, na mkienda vaeni mikono mifupi, na mwambieni mchanjaji naye akae. Hilo lingemsaidia mzee kuliko wimbo wowote. Lakini kulisema kunataka moyo, na pengine mwaka huu huna. Wapo pia wanaokataa fidia kwa sababu amani ya nyumba ni ghali kuliko pesa, na hawajuti. Wengine wananyamaza, muda unapita, kisha wanamlaumu mume kimyakimya kila wanapofua nguo. Wewe unajijua.

Labda muulize mumeo swali dogo kuliko "tudai au tusidai": kama anaridhia uombe rekodi tu. Kuomba rekodi hakufungui chochote, hakutaji jina lako popote, na kutawaambia nyote wawili kama kuna jambo la kubishania. Zikirudi zikionyesha chanjo ya korona ndiyo iliyoingia kushoto, na hakuna ushahidi wa kuzipinga, mmebishana bure.

Na ule ujumbe wa sauti, dada yangu, mwombe dada yako asiufute. Autume tena kwako leo, uuhifadhi mahali pengine nje ya simu, pamoja na tarehe yake.